Maji, Chumvi na Sukari: Historia ya Dawa Iliyokuwa Jikoni

Somo la redio kwa madarasa ya watu wazima, limepigwa chapa kama lilivyosomwa

Kwa mwalimu wa darasa: Kabla ya kipindi, andika ubaoni maneno haya: utumbo, figo, kibofu, mkojo, kipindupindu, dripu, lita. Wanafunzi wayasome kwa sauti mara mbili. Weka mezani chupa ya lita 1, kijiko kidogo cha chai, chumvi na sukari. Maswali ya mazungumzo yako mwisho wa somo.

Natumaini kila mtu amepata mahali pa kuketi na daftari liko tayari. Leo tuna somo la historia, lakini si historia ya wafalme wala ya vita. Ni historia ya tumbo, ya figo, na ya dawa moja rahisi sana. Dawa hiyo ni maji yaliyochanganywa na chumvi na sukari kwa kipimo.

Vitu hivyo vitatu vilikuwa jikoni siku zote. Hata hivyo, tangu daktari wa kwanza aone kwamba mgonjwa wa kipindupindu hufa kwa kuishiwa na maji na chumvi, ilipita miaka zaidi ya 130 kabla ya wataalamu kuonyesha kwa hakika namna ya kuvirudisha kwa njia ya kinywa. Katika muda huo watu wengi sana walikufa hali dawa iko karibu nao.

Nataka mwisho wa somo kila mmoja wenu aweze kujibu swali hili: Mtu anayehara sana, anyimwe maji au apewe? Wako wazee waliotuambia anyimwe, kwa kuwa kila akinywa, hutoka tena. Tutaona kwa nini watu walifikiri hivyo, na kwa nini haikuwa kweli.

Ugonjwa uliopita pwani

Tuanze Unguja. Mwishoni mwa mwaka 1869, zama za Seyyid Majid bin Said, kipindupindu kiliingia kisiwani. Haikuwa mara ya kwanza pwani hii kukiona. Miaka kumi nyuma, mwanzoni mwa 1859, msafiri Mwingereza, Richard Burton, alifika Kilwa akakikuta kinaua watu mjini.

Safari hii palikuwa na daktari Mskochi aliyefanya kazi Unguja, jina lake James Christie. Yeye aliuliza swali moja: Ugonjwa huu umetoka wapi? Akawahoji mabaharia, wafanya biashara na watu wa misafara. Mwaka 1876 alitoa kitabu juu ya kipindupindu katika Afrika ya Mashariki. Humo alieleza kwamba mara hii ugonjwa ulipita bara, ukatokea upande wa Uhabeshi, ukashuka kwa nchi ya Wamasai, ukafika Pangani, ndipo ukavuka bahari mpaka Unguja. Ulisafiri pamoja na watu, kwa njia zile zile walizopita watu.

Je, mgonjwa alionekanaje? Asubuhi mtu ni mzima, jioni yu hoi. Alihara maji matupu, meupe kama maji ya kuoshea mchele, akatapika. Macho yaliingia ndani, sauti ikapotea, misuli ya miguu ikakakamaa. Ngozi ikifinywa, haikurudi upesi mahali pake. Halafu mkojo ukakoma. Ishikeni alama hiyo ya mwisho, ya kukoma mkojo, maana tutairudia.

Christie aliweza kueleza njia ya ugonjwa, lakini yeye na madaktari wenzake wa wakati ule hawakuwa na tiba ya hakika. Ili tujue tiba ilipatikanaje, yatupasa kwanza tuingie ndani ya mwili tuone chakula na maji hupita wapi.

Safari ya chakula

Ukitia tonge kinywani, meno hulisaga na mate hulilainisha. Hupita kooni, likashuka kwenye mfuko wa chakula. Zamani watu hawakujua hakika mle ndani mna kazi gani. Wengine walidhani chakula husagwa tu kama mahindi kinuni. Wengine walidhani huoza. Mtu aliyetufumbua macho hakuwa mtaalamu. Alikuwa mchukuzi katika biashara ya ngozi za wanyama, jina lake Alexis St. Martin, mzaliwa wa Kanada.

Tarehe 6 Juni 1822, katika kisiwa cha Mackinac, Marekani, bunduki ya mtu mwingine ilifyatuka kwa bahati mbaya ikampiga ubavuni. Daktari wa jeshi, William Beaumont, alimtibu akapona, lakini tundu la mfuko wa chakula halikuziba. Likabaki kama dirisha dogo. Beaumont akaanza kufunga vipande vya nyama na mkate kwa uzi wa hariri, akavipitisha tunduni, kisha akavivuta nje baada ya saa kadhaa kutazama vimekuwaje. Aliona kwamba mfuko hutoa maji makali yenye asidi, na kwamba maji hayo huyeyusha nyama hata yakitiwa chupani nje ya mwili. Mwaka 1833 alitoa kitabu chenye majaribio zaidi ya 200.

Nataka tumkumbuke St. Martin pia, si daktari peke yake. Alikuwa maskini, hakujua kuandika, na mkataba wa kufanyiwa majaribio aliutilia alama ya msalaba mahali pa jina. Elimu tunayoifaidi leo ilitoka katika mwili wa mtu ambaye hakuweza kusoma karatasi aliyoitia alama.

Haya, tuendelee na safari. Kutoka mfukoni chakula huingia utumbo mwembamba, mrefu wa mita 6 hivi, umejikunja tumboni. Hapo hukutana na nyongo kutoka kwenye ini na maji ya kongosho. Chakula hugeuka kuwa uji mwepesi, na nguvu yake hupita katika kuta za utumbo kuingia damuni. Mabaki huenda utumbo mpana, ambao una urefu wa mita moja na nusu hivi. Huko maji yaliyobaki hunyonywa, na takataka hutoka kama haja kubwa.

Sasa andikeni hesabu hii katika madaftari yenu. Mtu mzima hunywa na kula maji kiasi cha lita 2 kwa siku. Lakini mwili wenyewe humwaga tumboni maji mengine kiasi cha lita 7: mate, maji ya mfuko wa chakula, nyongo, maji ya kongosho na ya utumbo. Mbili na saba ni tisa. Lita 9 zapita katika utumbo kila siku! Lakini kwa mtu mzima wa afya, katika haja kubwa hutoka maji yasiyofika hata robo ya lita. Yaliyobaki yote hurudishwa damuni.

Mwaona, basi, kwamba utumbo ni kama mkulima wa bondeni anayefungulia maji yaingie shambani, kisha akayarudisha mtoni. Kipindupindu huja kuharibu hesabu hiyo. Mlango wa kutoa maji hubaki wazi, na maji humwagika kupita kiasi kinachoweza kurudi. Mgonjwa aliyezidiwa aweza kupoteza hata lita 1 kwa saa moja. Na damu yote ya mtu mzima ni lita 5 hivi tu.

Mwalimu, simama hapa kidogo. Mwulize mwanafunzi mmoja aeleze hesabu ya lita 9 kwa maneno yake mwenyewe. Sisi tutangoja.

Figo, walinzi wa maji

Ahsanteni. Sasa twende upande wa pili, njia ya mkojo. Nyuma ya tumbo, chini ya mbavu, kila mtu ana figo mbili, umbo lake kama punje ya haragwe, ukubwa wake kama ngumi. Mwaka 1842 daktari Mwingereza, William Bowman, alitazama figo kwa hadubini akaonyesha jinsi mafundo madogo ya mishipa ya damu yanavyokaa kila moja ndani ya kikombe chake kidogo. Kila fundo na kikombe chake ni kama chujio la tui. Katika kila figo mna machujio yapata milioni moja.

Kwa siku moja figo huchuja kiasi cha lita 180 za maji kutoka damuni. Usishtuke, ni maji yale yale yanayopita tena na tena. Karibu yote hurudishwa. Kinachobaki, lita 1 mpaka 2, pamoja na uchafu na chumvi iliyozidi, hushuka kwa mirija miwili hadi kibofu. Kibofu kikijaa, mtu huenda haja ndogo.

Figo zina akili ya kuweka akiba. Ukinywa maji mengi, mkojo huwa mwingi na mweupe. Ukilima juani kutwa bila kunywa, mkojo huwa kidogo na wa rangi ya manjano iliyokolea, kwa sababu figo zimebana maji. Lakini damu ikipungua mno na kukosa nguvu ya kusukuma, machujio hayapati cha kuchuja. Ndipo mkojo hukoma. Hali hiyo ikidumu, figo zenyewe zaweza kuharibika.

Sasa mwafahamu maana ya ile alama ya Unguja. Mkojo ulipokoma, mwili ulikuwa ukisema: Maji yamekwisha. Wengi waliiona alama hiyo, lakini wachache walielewa maana yake.

Kijana aliyepima damu

Mmoja wa wachache hao alikuwa kijana wa Ireland, William O'Shaughnessy, mwenye umri wa miaka 22. Mwaka 1831 kipindupindu kilifika Sunderland, Uingereza. Madaktari wa siku zile waliwatibu wagonjwa kwa kuwatoa damu na kuwapa dawa za kuharisha zaidi. Fikirini jambo hilo: mtu anakufa kwa kupungukiwa, naye anazidi kupunguzwa! O'Shaughnessy alichukua damu ya wagonjwa akaipima. Akaona imepoteza maji mengi na chumvi zake. Akasema kwamba dawa ni kurudisha kile kilichopotea.

Mwaka uliofuata, 1832, daktari Thomas Latta wa Leith, katika Uskochi, alithubutu kufanya hivyo. Mgonjwa wake wa kwanza alikuwa mwanamke mzee aliyekwisha kukata tamaa ya kuishi. Latta alimtia maji ya chumvi katika mshipa, polepole, kiasi cha lita 3 na zaidi. Mikono baridi ikapata joto, macho yakafunguka, bibi akasema kwa sauti kwamba sasa yu mzima. Latta akaona amepona, akamwacha mikononi mwa mwenzake hospitalini. Kuhara kukarudi, na hakuna aliyetia maji tena. Baada ya saa tano na nusu bibi yule akafa.

Kosa lake lilikuwa nini? Si dawa. Kosa lilikuwa kuacha mapema. Maji yalipotoka tena, yalipaswa kurudishwa tena. Latta alijifunza, na wengine aliowatibu baadaye waliokoka. Lakini mwaka 1833 yeye mwenyewe alifariki, na wakubwa wa tiba hawakuifuata njia yake. Maji ya siku zile hayakuwa safi, wala hawakujua kipimo sawasawa, na baadhi ya wagonjwa walipata madhara. Basi njia hiyo ikaachwa, na watu wakaendelea kutolewa damu.

Wakati huo wengine walikuwa wakitafuta chanzo cha ugonjwa. Mwaka 1854, mjini London, John Snow aliandika nyumba kwa nyumba waliokufa, akaona wengi walichota maji katika bomba moja la mtaa wa Broad Street. Mpini wa bomba ukaondolewa. Mwaka huohuo, huko Italia, Filippo Pacini aliviona vijidudu vyenyewe kwa hadubini. Mwaka 1884 Robert Koch, Mjerumani, akiwa Calcutta, alithibitisha kijidudu cha kipindupindu. Tangu hapo ikajulikana wazi: ugonjwa huingia kwa kinywa, katika maji na chakula vilivyochafuliwa na kinyesi. Hapa Unguja, Seyyid Barghash, aliyetawala tangu 1870 hadi 1888, alileta mjini maji ya bomba kutoka chemchemi za Chem Chem.

Mwanzoni mwa karne ya 20, Leonard Rogers huko Calcutta alirudia njia ya mshipa kwa vipimo bora zaidi, na vifo vikapungua sana. Hiyo ndiyo asili ya dripu tunayoiona hospitalini. Lakini dripu yataka sindano safi, chupa safi na mtu aliyefunzwa. Je, mgonjwa aliye kijijini mbali na hospitali afanyeje?

Kivuko cha abiria wawili

Kila mtu angefikiri: basi, anywe maji ya chumvi. Walijaribu, haikufaa. Mgonjwa akinywa maji matupu au maji yenye chumvi peke yake, mengi hutoka tena. Ndipo ikaonekana kana kwamba utumbo umekufa, hauwezi kunyonya kitu, na mgonjwa asipewe chochote mpaka utumbo upumzike. Mawazo ya madaktari wakubwa na ya wazee wetu yalikutana mahali pamoja.

Wako waliokaribia kupata jibu. Mwaka 1953 daktari Hemendra Nath Chatterjee wa Calcutta aliwapa wagonjwa 186 maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, nao wakapona. Wakubwa wa tiba hawakumtilia maanani sana. Mwaka 1959 mwenzake wa mji huohuo, Sambhu Nath De, alionyesha kwamba kijidudu hutoa sumu, na sumu hiyo ndiyo inayomwagisha maji.

Mwaka 1960, katika mkutano wa wataalamu mjini Prague, Mmarekani Robert Crane alieleza jinsi sukari inavyopita katika ukuta wa utumbo. Nitaeleza kwa mfano. Fikiri juu ya kivuko kidogo mtoni. Nahodha hachukui abiria mmoja. Hutaka wawili pamoja, mmoja Chumvi na mmoja Sukari. Chumvi akija peke yake, anaachwa ng'amboni. Sukari akija peke yake, vivyo hivyo. Wakija wawili, kivuko huondoka mara moja, na maji huwafuata nyuma. Na habari njema ni hii: sumu ya kipindupindu haiharibu kivuko hicho. Mlango wa kutoa maji umevunjika, lakini kivuko cha kuyarudisha bado chafanya kazi.

Kujua hivyo tu hakukutosha. Mwaka 1962, huko Manila, daktari Robert Phillips alijaribu maji ya kunywa yenye chumvi na sukari, lakini kipimo hakikuwa sawa, na baadhi ya wagonjwa walifariki. Shikeni fundisho hilo: ni kipimo kinachofanya maji hayo kuwa dawa.

Jibu lilipatikana Dhaka, ambayo siku zile ilikuwa Pakistan ya Mashariki na leo ni mji mkuu wa Bangladesh. Huko kulikuwa na maabara ya kuchunguza kipindupindu iliyoanzishwa mwaka 1960. Mwaka 1968 vijana wawili Wamarekani, David Nalin na Richard Cash, pamoja na wenzao wa huko Rafiqul Islam na Majid Molla, waliketi na wagonjwa usiku na mchana, wakapima kila kilichotoka, wakawapa wanywe kiasi hicho hicho. Waliozidiwa sana walitiwa dripu kwanza, kisha wakanywa. Haja ya dripu ikapungua kwa sehemu nne katika kila sehemu tano. Kosa la Latta likawa limesahihishwa: kinachotoka kirudishwe, bila kuacha.

Kambi ya Bangaon

Lakini hiyo ilikuwa hospitalini, penye wauguzi wengi. Wakubwa wengi walisema kwamba watu wasiosoma hawawezi kutumia dawa hii wenyewe. Mwaka 1971 vita vilizuka Pakistan ya Mashariki, na mamilioni ya watu wakakimbilia India. Kipindupindu kikaingia kambini. Daktari Dilip Mahalanabis alitumwa Bangaon, karibu na mpaka. Alikuta wagonjwa wamelala sakafuni kwa wingi, na maji ya dripu yakamalizika.

Akaamua bila kungoja ruhusa. Watu wake wakachanganya sukari ya glukosi, chumvi ya kula na magadi ya dawa, wakapima katika mifuko, wakatia katika mapipa yenye bomba. Jamaa za wagonjwa wakaambiwa waje na vikombe, wakinge, wawanyweshe ndugu zao. Mama akamnywesha mwanawe, mume mkewe. Kabla ya hapo, katika kila wagonjwa 100 walikuwa wakifa 30 hivi. Chini ya mikono ya jamaa hao, waliokufa walikuwa chini ya 4 katika kila 100.

Hapo maneno ya wakubwa yakaanguka. Mtu asiyejua kusoma aliweza kumwokoa mwenzake, mradi amefundishwa na amepewa kipimo. Katika miaka ya 1970 Shirika la Afya la Dunia na UNICEF wakaanza kueneza pakiti za dawa hii, ambazo watu wengi huziita ORS. Kuanzia mwaka 1980, chama cha BRAC cha Bangladesh kiliwatuma walimu wanawake nyumba kwa nyumba kuwafundisha akina mama kuchanganya dawa kwa chumvi ya kubana kwa vidole vitatu na konzi ya sukari guru. Mwalimu alilipwa kwa kadiri mama alivyokumbuka somo siku za baadaye. Kufikia 1990 nyumba zaidi ya milioni 12 zilikuwa zimefikiwa.

Hata hivyo, dawa kujulikana si sawa na dawa kumfikia mtu. Mwezi Julai 1994 mamia ya maelfu ya wakimbizi wa Rwanda waliingia Goma, katika nchi ya Zaire, leo Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo. Maji safi hayakuwapo ya kutosha, wala watu wa kunywesha. Katika mwezi wa kwanza walikufa watu karibu 50,000, wengi kwa kipindupindu na magonjwa mengine ya kuhara. Miaka 23 ilikuwa imepita tangu Bangaon. Dawa ilikuwapo duniani, lakini haikuwa imefika kwa mikono na vikombe vya kutosha.

Sasa wewe nyumbani kwako

Wanafunzi, historia hii haina faida kama itabaki redioni. Chukueni kalamu.

Kwanza, ukipata pakiti ya ORS, soma maandishi yake kabla ya kuifungua. Nyingi huchanganywa na lita 1 ya maji safi, lakini ziko ndogo za maji pungufu. Hapo ndipo kusoma kwako kutakapookoa mtu. Tia pakiti nzima, usigawe. Maji yakipita saa 24, mwaga, changanya mengine.

Pili, kama pakiti hakuna, chukua lita 1 ya maji yaliyochemshwa yakapoa, vijiko vidogo 6 vya sukari na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Vijiko viwe vya kusawazishwa, si vya kujaa juu. Onja kwanza; yasizidi chumvi ya machozi. Yakizidi, mwaga uanze upya, maana chumvi nyingi humdhuru mtoto.

Tatu, kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka miwili apewe robo mpaka nusu kikombe, kidogo kidogo kwa kijiko. Aliyezidi umri huo apewe nusu kikombe mpaka kikombe kizima, na mtu mzima anywe kadiri awezavyo. Akitapika, ngoja dakika 10, kisha endelea polepole zaidi. Haba na haba hujaza kibaba. Mama asiache kunyonyesha, na mgonjwa asinyimwe chakula. Watoto hupewa pia vidonge vya zinki kwa siku 10 mpaka 14, kwa kipimo cha zahanati. Usimpe mtoto dawa za dukani za kufunga tumbo.

Nne, mpeleke mgonjwa hospitali upesi ukiona alama hizi: hawezi kunywa, anatapika kila kitu, macho au utosi wa mtoto umebonyea, amelegea au ana usingizi usio wa kawaida, kinyesi kina damu, au hajakojoa kwa saa nyingi. Kadhalika anayehara maji matupu mfululizo asingojwe. Njiani endelea kumnywesha, kama aweza kunywa. Huko atatiwa dripu, na daktari ndiye atakayeamua kama yapo mahitaji ya dawa ya kuua vijidudu.

Na tano, tukumbuke bomba la London. Dawa hii hurudisha maji mwilini, haizuii ugonjwa kuingia. Maji ya kunywa yachemshwe au yatiwe dawa, choo kitumike na kifunikwe, mikono ioshwe kwa sabuni baada ya choo na kabla ya kula.

Sasa twaweza kujibu swali letu. Anayehara anyimwe maji? Hasha. Apewe, tena yenye chumvi na sukari kwa kipimo, na yasikome mpaka kuhara kukome. Wazee wetu hawakuwa wajinga. Waliona kwa macho yao maji matupu yakitoka tena. Kivuko kilicho ndani ya utumbo hakionekani kwa macho, na hata waliokuwa na hadubini walichelewa kukijua. Sisi tumekijua, nasi hatuna udhuru.

Usiku huu, ukifika nyumbani, mwonyeshe mmoja tu wa jamaa zako vile vipimo viwili. Kesho naye amwonyeshe mwingine. Kwaherini, wasikilizaji, mpaka somo lijalo.

Maswali ya mazungumzo darasani

1. Kwa nini mkojo hukoma mtu akiishiwa na maji mwilini?
2. Daktari Latta alikosea wapi kwa mgonjwa wake wa kwanza?
3. Eleza mfano wa kivuko kwa maneno yako mwenyewe. Kwa nini chumvi peke yake haitoshi?
4. Jamaa za wagonjwa wa Bangaon walitufundisha nini?
5. Mwanafunzi mmoja aje mbele achanganye lita 1 ya dawa. Wengine watazame vijiko, wamsahihishe kama vimezidi.
6. Katika kijiji au mtaa wenu, maji ya kunywa hutoka wapi, na choo kiko umbali gani kutoka hapo? Mnaweza kufanya nini mwezi huu?